Kivuli Nilichokifuta

Kokusima mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za sweta, dawa, nauli na matapeli wa stendi, na kwa kuwa amezirudia mara tatu, mimi sina la kuongeza. Begi lako liko tayari mlangoni. Umekwenda Bugene kumuaga bibi yako na bado hujarudi, basi nimekaa mezani na daftari lako la hesabu ambalo halikuisha kurasa, niandike wakati mwanga wa dirishani bado unatosha.

Unakwenda Mwanza kujifunza kazi ya picha na matangazo. Mambo ya kompyuta utafundishwa na watu wanaoyajua kuliko mimi, na hata sasa vidole vyako ni vyepesi kuliko vyangu. Mimi nataka kukueleza habari ya picha moja tu, ile ya kule kijijini Kanoni. Umeisikia kwa watu. Kwangu hujaisikia, na kosa hilo ni langu.

Nianze mbele kidogo, ili uelewe nilikuwa mtu wa namna gani wakati huo.

Mimi nilifungua studio hapa Kayanga wakati wa filamu. Ukimpiga mtu picha, anasubiri wiki mbili filamu iende Bukoba ikasafishwe irudi. Watu walivaa vizuri kuja kwangu. Baadaye simu zikaja, kila mtu akawa na kamera mfukoni, na wateja waliobaki wakawa wa aina mbili: wanaotaka picha ndogo za pasipoti, na wanaotaka kitu ambacho simu zao hazikuweza. Huyu ana harusi lakini kaka yake alikuwa safarini, anataka aonekane naye. Yule mama yake alifariki kabla ya sendoff, anataka mama akae kwenye kiti cha mbele. Walikuwa wanasema, "Fundi, tuunganishie." Na mimi nilikuwa nawarudisha, kwa sababu nilikuwa na miaka arobaini na saba na kompyuta nilikuwa naiwasha kwa kuomba msaada.

Aliyenifundisha ni Bi Zuhura wa duka la steshenari, unayemjua wewe kwa jina la Mama Nasra. Babu yake alikuja huku kutoka Tanga na biashara ya vitambaa, na yeye alizaliwa hapa hapa, ila Kiswahili chake bado kina mwambao ndani yake. Alikuwa anatengeneza kadi za harusi kwa programu ya kuhariri picha, nami nikamwomba anionyeshe. Siku ya kwanza nilimletea kazi yangu niliyoihangaikia siku nne: bwana harusi na kaka yake aliyekuwa hayupo. Akaitazama.

"Mwanga unatoka wapi?" akaniuliza.

"Umeme ulikuwepo," nikamjibu, maana nilidhani anauliza kuhusu kompyuta.

Akacheka mpaka akakaa. "Kwenye picha, Baba Koku. Kila picha ina jua lake. Huyu bwana harusi jua lake liko kushoto. Huyu kaka uliyemleta jua lake liko kulia. Wamesimama pamoja, lakini mmoja yuko asubuhi na mwingine yuko jioni."

Tangu siku hiyo nikawa natembea barabarani natazama vivuli vya watu. Mama yako alidhani nimepoteza kitu. Nilikuwa nasimama pale njia panda ya Bugene kuangalia kivuli cha mtu kinaanzia wapi kwenye kisigino, kinakuwa cheusi wapi na kinafifia wapi. Mtu mzima niliyepiga picha miaka ishirini na zaidi, sikuwa nimewahi kukiangalia kivuli.

Niliharibu kazi nyingi. Mwalimu wa kwaya ya usharika wetu alikosa picha ya pamoja kwa sababu ya malaria, nikamuingiza katikati ya waimbaji wa sauti ya tatu. Nilifurahi sana. Picha ikatundikwa ofisini kwa mchungaji, na Jumapili iliyofuata vijana wa kwaya wakahesabu mikono. Mwalimu alikuwa na mitatu. Nilikuwa nimemkata kwenye picha nyingine aliyokuwa amekumbatiwa na mtu, na mkono wa yule mtu ukabaki begani kwake.

Kosa langu kubwa lilikuwa kufuta. Ile programu ina kifutio, na kila kilichonikera nilikifuta, nikahifadhi, kikapotea moja kwa moja. Siku nilipofuta sikio la bibi harusi nikiwa natafuta ukingo wa nywele zake, nilimwendea Bi Zuhura nikiwa nimekata tamaa kabisa. Akanisogezea kiti.

"Usifute," akasema. "Ficha. Picha ya asili iache chini kabisa, wala usiiguse. Juu yake weka tabaka jingine, na jingine, kama unapanga karatasi za nailoni. Usichokitaka kionekane, kifunike kwa tabaka la juu. Ukikosea, unafunua tu, na cha chini kipo."

Nikashika hilo. Tangu hapo kila kazi niliihifadhi na matabaka yake yote. Ndani ya mwaka mmoja nikawa fundi kweli. Watu walikuja kutoka Kyerwa, wengine walivuka studio tatu kuja kwangu. Ukawa unaniona jioni natabasamu peke yangu mbele ya kompyuta. Sikukuambia wakati ule, ila nilijiona kama kijana tena. Kuna raha katika kujifunza kitu kipya ukiwa umeshaamua kwamba siku zako za kujifunza zimepita. Hiyo raha ndiyo iliyonipofusha, ingawa neno hilo si sahihi, na nitafika huko.

Wakati huo ndipo alipokuja Deusi.

Deusi ni mnunuzi wa kahawa, anaishi upande wa Kyerwa, lakini kwao ni Kanoni. Alinionyesha picha kwenye simu yake. Mzee mmoja, Ta Bernardo, kaka mkubwa wa baba yake, ameinama ukingoni mwa kibanja chake cha migomba akipanda mche wa omuramura, ule mti wetu wa mpaka. Nyuma yake wamesimama wazee wawili wa ukoo. Ilikuwa ni siku mzee huyo alipogawa kipande cha kibanja chake, na alikuwa amefariki miezi kadhaa kabla Deusi hajaja kwangu.

"Nataka uniweke pembeni yake," Deusi akasema. "Nimeshika mche pamoja naye."

"Ulikuwepo?"

"Fundi, mimi ndiye niliyekuwa naipiga. Ndiyo maana sionekani. Sasa Baba mkubwa ameondoka na sina picha naye."

Hilo lilikuwa neno la kawaida kabisa. Wapiga picha wote tunalijua: anayepiga haonekani. Nikampiga studio akiwa ameinama, mkono mbele, taa nikaiweka mbele yake kwa sababu kwenye picha ile jua la asubuhi lilikuwa mgongoni mwa mpiga picha. Nilifanya kazi ile siku mbili. Majani ya mgomba yaliyopita mbele ya bega lake niliyakata moja moja. Kidole cha mzee nilikipitisha juu ya kidole cha Deusi ili washike mche mmoja. Kulikuwa na tatizo moja tu: kivuli cha mpiga picha kilikuwa kimeanguka kwenye udongo, kirefu, kuanzia chini ya picha hadi karibu na miguu ya mzee. Kiliharibu sehemu ya mbele. Nikakifunika kwa udongo niliounakili pembeni. Deusi alipoiona alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Hata leo nasema hivyo.

Ikapita miezi mitatu au minne. Asubuhi moja Bi Zuhura akaja studio, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, maana kila mara mimi ndiye niliyemfuata. Alikuwa na karatasi aliyoitoa nakala dukani kwake.

"Baba Koku, huu si mkono wako?"

Nikaitazama. Nikasema ni wangu.

"Niliujua kwa viatu. Mzee ana udongo mpaka magotini, wazee wenziwe wana udongo. Huyu bwana viatu vyake vimetoka kupigwa rangi." Hakuwa anacheka. "Unajua inakwenda wapi hii?"

Akanieleza. Aliyeleta karatasi zile kutolewa nakala alikuwa Adela, binti wa Ta Bernardo. Ndoa yake ilimshinda akarudi kwao, akamuuguza baba yake miaka sita na kukipalilia kibanja peke yake. Kipande kile mzee alimpa yeye. Deusi amekwenda baraza la kata na picha, akisema kipande ni chake, alikabidhiwa na marehemu kwa mkono wake mbele ya mashahidi. Kati ya wale wazee wawili mmoja ameshakufa, na mwingine macho na kumbukumbu vimemwacha, akiulizwa anasema, "Kama picha inasema, basi." Adela alikuwa na siku tano kabla ya kikao.

"Analia?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Halii. Anauliza kama kuna dawa ya kuitoa picha uongo. Sikumjibu. Nimekuja kwako."

Nataka ujue kwamba sikuamka hapo hapo nikavaa viatu. Nilikaa siku mbili. Nilijiambia mimi ni fundi, seremala aliyetengeneza mpini hahukumiwi kwa mtu aliyekatwa na shoka. Deusi alisikia kwamba nimeambiwa, sijui kwa nani, akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Fundi, wewe ulifanya kazi uliyotumwa. Mambo ya ukoo tuachie wenyewe. Ukisimama pale ukasema picha zako ni za uongo, nani atakuletea picha tena?" Lililonikera ni kwamba maneno hayo nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe kabla yake.

Siku ya tatu nikamwambia mama yako. Alikuwa anamenya ndizi, na aliendelea kumenya mpaka nikamaliza.

"Ile ya asili unayo?" akauliza.

"Ninayo. Iko chini ya matabaka."

"Basi unangoja nini?"

"Nikienda watu watasema nilighushi."

"Si ulighushi?" Akaweka kisu chini. "Nenda. Ila vaa lile shati la bluu, nitakupigia pasi. Usiende kama mtu aliyekamatwa."

Siku ya kikao nilikwenda na kompyuta begani, nimepanda bodaboda mpaka Kanoni. Watu walikuwa wengi. Adela alikuwa amekaa mbele, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, amefunga kitambaa kichwani. Deusi aliponiona hakunisalimia. Mwenyekiti wa baraza, mzee mtaratibu, alinipa nafasi, nikaweka kompyuta juu ya meza yao, nikasema kwamba picha waliyonayo niliitengeneza mimi, na kwamba nitaifungua mbele yao.

Nikafunua tabaka la kwanza. Deusi akatoweka. Nikafunua la pili, kidole cha mzee kikarudi mahali pake, ameshika mche peke yake. Watu wakaanza kusogea. Nikafunua la tatu, la udongo, na kivuli kikatokea.

Kilikuwa kivuli cha mwanamke. Kichwa kina fundo la kitambaa ubavuni, na chini gauni pana limesukumwa na upepo. Mikono imeinuliwa mbele ya uso, imeshika simu. Deusi ana upara na ni mwembamba kama ufito. Hapakuwa na haja ya mtu kueleza.

Adela akasimama. Akasema, kwa sauti ambayo haikupanda hata kidogo, "Ni mimi. Taata aliniambia nipige ili nimtumie Deusi aone, kwa kuwa yeye hakuja. Nilimtumia. Halafu simu yangu ikaingia maji."

Deusi alisema maneno mawili matatu kuhusu teknolojia ya siku hizi, kwamba hata kivuli kinaweza kutengenezwa. Mwenyekiti akamuuliza, "Kwa hiyo fundi huyu wa kwako alisema uongo mara ya kwanza au mara ya pili?" Deusi akatoka kabla kikao hakijafungwa. Kipande kikabaki kwa Adela, na mpaka leo yuko pale.

Lakini kabla ya kufunga, mwenyekiti alinigeukia mimi. "Na wewe, waitu, ndugu yetu, ulipokiondoa kivuli hiki, hukuona ni cha mwanamke?"

Nikasema, "Sikuangalia, mzee."

Akatikisa kichwa, kikao kikaisha.

Baadaye Adela alikuja studio. Nilimwambia nitamtengenezea picha yeye na baba yake, kwa uangalifu wote, bila malipo, nikidhani nafanya jambo jema. Akanitazama kama mtu aliyesikia lugha ya kigeni. "Usiniweke popote, fundi. Nitolee ile ile ya kwanza, kubwa, na kivuli changu." Nikaitoa. Akaiviringisha kwenye kanga, akasema asante waitu, akaondoka.

Deusi alikuwa amesema kweli kuhusu wateja. Kwa muda mrefu watu walipita studio wakinitania, "Fundi, niunganishe na ng'ombe mia." Baadhi ya ndugu zake hawanisalimii hadi leo. Wewe ulikuwa kidato cha pili. Ulirudi shule siku moja, ukasimama mlangoni na sare yako, ukaniuliza, "Taata, ni kweli ulimghushia mtu picha?" Nami nikakuambia, "Kula kwanza." Ulikula. Hukuuliza tena. Wiki chache baadaye ukaomba nikufundishe ile programu, nikakufundisha mwanga, matabaka, ukingo wa nywele, kila kitu, na tulicheka pamoja, na swali lako likawa limekaa katikati yetu na hakuna aliyeligusa. Nimekuona ukiwa mwepesi, nikafurahi na kuogopa kwa wakati mmoja. Sikuogopa kwamba hutajua kazi. Niliogopa jinsi unavyonyamaza kazi inapokubali mkononi mwako, kwa sababu naijua hali hiyo.

Jibu la swali lako ni hili. Ndiyo, nilighushi. Na lile nililomjibu mwenyekiti halikuwa kweli.

Wewe mwenyewe unajua huwezi kufunika kitu vizuri bila kukikuza. Nilikikuza kivuli kile mpaka kikajaa kioo chote, nikakizunguka ukingo wake polepole, kipande kwa kipande. Nilifika kichwani. Nikaliona fundo la kitambaa. Nikashuka, nikaliona gauni. Nikajua mpiga picha ni mwanamke, kwa hiyo Deusi hakuwepo, kwa hiyo kila alichoniambia si kweli. Nilitoa mkono kwenye kipanya. Nakumbuka nilikunywa maji. Kisha nikaendelea, kwa sababu udongo niliokuwa nimeunakili ulikuwa unakaa vizuri mno, na nilitaka kuona utakavyokuwa nikimaliza. Hapakuwa na sababu nyingine. Hakunitisha mtu, wala hakuniongezea malipo. Kazi ilikuwa inatoka vizuri.

Mama yako halijui hili. Bi Zuhura halijui. Adela, ambaye alinishukuru, halijui, na yeye ndiye anayestahili zaidi kulijua. Jumapili baada ya ibada nitakwenda Kanoni nimwambie. Huenda atanifukuza. Nimekuambia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyeniuliza, nami nikakupa chakula.

Nasikia sauti yako huko nje unamsalimia jirani. Nitaikunja barua hii niiweke ndani ya begi, chini ya sweta, uisome ukiwa umeshavuka Biharamulo, ambako huwezi kurudi kunihurumia.

Nenda salama, mwanangu.

Baba yako